Kelele Isiyo na Kisanduku

Lifti ya hospitali ilikuwa inasema kitu, na fundi hakuwa na jina la kitu hicho.

Alikuwa amepiga magoti kwenye chumba cha mashine, juu kabisa, kwenye paa. Ncha ya bisibisi ndefu ameigusisha kwenye kifuniko cha beringi ya gurudumu la kamba, na mpini wake ameukandamiza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio la kulia. Ndivyo alivyofundishwa na fundi aliyemtangulia, na huyo alifundishwa na mwingine ambaye yeye hakuwahi kumwona. Mashine haisikilizwi kwa sikio, inasikilizwa kwa mfupa. Sikio linadanganywa na feni, na redio ya walinzi, na watu wanaogombana huko chini. Mfupa hauna upuuzi huo. Miaka ishirini na miwili alikuwa akipiga magoti pale kila Jumatatu kabla ya chai, na miaka ishirini na miwili mashine ilimwambia jambo lile lile: nipo, niache.

Jumatatu hii haikusema hivyo.

Aliisikiliza ikipanda na watu, ikashuka tupu, ikapanda tena. Haikuwa mlio. Haikuwa mkwaruzo. Kulikuwa na kitu kama kusita, lakini mashine yenyewe haikusita hata kidogo. Ilikuwa kama mtu anayetembea vizuri kabisa, hachechemei, ila ukimtazama kwa muda unajua kuna mguu mmoja anauonea huruma. Akaifuta bisibisi kwenye suruali, akajaribu mfupa wa kushoto. Kitu kile kile.

"Ah, wewe nawe," akaiambia mashine. "Wiki hii hii?"

Maana Alhamisi ya wiki hiyo wageni wakubwa walikuwa wanakuja kufungua wodi mpya ya ghorofa ya tano, na hospitali nzima, kuanzia mkurugenzi hadi mfagiaji, ilikuwa imevurugwa akili. Kuta zilipakwa rangi hata mahali ambapo mgonjwa alikuwa bado ameziegemea. Na lifti ilikuwa moja tu. Ya pili ilikufa miaka mitatu nyuma, ikavuliwa vipuri kimoja kimoja ili ya kwanza iishi, mlango wake ukazibwa kwa ubao, na juu ya ubao wakabandika tangazo la kuwahimiza watu wanawe mikono. Fundi aliandika barua nne kuhusu lifti hizo mbili. Zote nne zilijibiwa kwa lugha nzuri sana.

Zamani, enzi za mkurugenzi aliyepita, mambo hayakuwa na mzunguko. Fundi alishuka, akagonga mlango, akasema, "Mkuu, naizima nusu siku." Mkuu akasema, "Izime." Basi. Huyu wa sasa alikuja na fomu.

Iliitwa Fomu ya Taarifa ya Hitilafu, na ilikuwa na visanduku. Kelele: ndiyo, hapana. Mtetemo: ndiyo, hapana. Joto: ndiyo, hapana. Harufu: ndiyo, hapana. Halafu mstari wenye namba: ukubwa wa hitilafu, moja hadi kumi, zungushia. Chini kabisa, maelezo mengine, na nafasi ya kutosha kuandika jina la paka. Fundi aliishia darasa la sita. Kusoma alisoma, na kuandika aliandika, kwa herufi kubwa kama mtu anayechonga mlango. Akakaa juu ya ndoo ya grisi aliyoigeuza kifudifudi, kalamu mkononi, nusu saa nzima.

Kelele? Si kelele. Akatia alama kwenye hapana. Mtetemo? Akaweka kiganja juu ya mashine, akangoja. Hapana. Joto, hapana. Harufu, hapana, labda ya kwake mwenyewe. Alipoyatazama majibu yake akaona ameandika kwamba lifti ni nzima kama yai. Akafuta. Akatia ndiyo kwenye kelele, akaona huo sasa ni uongo, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Namba hakuzigusa kabisa. Kwenye maelezo mengine akaandika: INAUONEA HURUMA MGUU MMOJA. IZIMWE LEO.

Haikufika saa sita, mkaguzi wa ubora akapanda kwenye paa.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mwenye miwani na viatu visivyotoa sauti, mtu wa adabu zake, aliyesoma mpaka akafika mahali ambapo akieleza alichosoma watu wanaitikia tu ili amalize.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wameizima?"

"Nimekuja kuhusu hii fomu." Akaigeuza upande wa mwanga, palipotoboka pakaonyesha mawingu. "Mguu gani?"

"Ni namna ya kusema."

"Naelewa ni namna ya kusema. Lakini nikimpelekea mkurugenzi hivi, ataniuliza lifti ina miguu mingapi."

"Mwambie beringi ya gurudumu kubwa. Inakufa."

"Umeiona?"

"Itaonekanaje? Imefungiwa ndani."

"Imepata moto?"

"Bado."

"Inapiga kelele?"

"Mwanangu, ingekuwa inapiga kelele hata mkurugenzi angejua."

Mkaguzi akajiuma mdomo asicheke. "Basi mzee, usiniambie unajua. Sema unahisi. Kujua ni lazima uwe na sababu ambayo mwenzako naye anaweza kuishika mkononi."

"Haya, ishike," fundi akasema, akampa bisibisi.

Hakukataa. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi na sketi yake safi, akaelekezwa mfupa, akaelekezwa mahali pa kugusa. Chini mtu akabonyeza kitufe, kamba zikaanza kupita.

"Nasikia mashine," akasema.

"Ndiyo. Na ndani yake?"

"Nasikia mashine, mzee."

"Achana na hiyo ngurumo, pita nyuma yake. Kila mzunguko kuna kitu kinapita, kama mtu anameza mate."

"Mara mguu, mara mate."

"Basi kama kitambaa chenye uzi mmoja uliovutika! Ukikitazama huuoni, ukipitisha kiganja unaujua!" Alisema hivyo kwa hasira, kisha akakumbuka kwamba usemi huo haukuwa wake. Ulikuwa wa mkewe. Mkewe alikuwa mshonaji, na vitambaa alivinunua akiwa amefumba macho.

Mkaguzi akaiweka bisibisi chini taratibu. "Tuseme hata nimekisikia. Nitajuaje kwamba ninachokisikia mimi ndicho unachokisikia wewe? Na isitoshe, sijui hii mashine ikiwa nzima inasemaje. Ndiyo kwanza naisikia leo."

Alisema kweli, huyu binti, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kuujua ugonjwa wa mashine kulitaka uwe umeijua afya yake, na hiyo afya aliikusanya yeye kidogo kidogo, Jumatatu baada ya Jumatatu, mpaka ikaingia kwenye mfupa. Si chai kwamba utaimimina kutoka kikombe hiki kwenda kile.

"Ungekuja Jumatatu iliyopita," akasema. "Ungekuja Jumatatu yoyote. Miaka yote mpo huko chini na fomu zenu."

"Nina miezi minane tu hapa, mzee."

"Ndiyo nasema."

Mkaguzi akajipangusa magoti. "Nipe namba basi. Moja hadi kumi. Namba naweza kuipeleka."

Hapo ndipo fundi alipompa mgongo.

Miaka miwili nyuma, mchana mmoja, mkewe alikuwa anaosha vyombo kwenye beseni, akasimama ghafla. "Baba, kuna kitu kimekaa hapa," akasema, akaonyesha chini ya ziwa.

"Kitu gani?"

"Sijui. Si maumivu."

"Kama si maumivu basi gesi hiyo."

"Si gesi."

"Mama watoto, nawe! Sema basi, kitu gani?"

Akakung'uta maji mikononi. "Ningejua jina lake ningekuambia."

Fundi akacheka, akarudi kwenye redio aliyokuwa anaitengeneza. Kesho yake, kwa kuwa hakuacha kukishika kifua, alimleta hapa hapa, kwenye dawati la ghorofa ya chini, na aliyekaa nyuma ya dawati akauliza bila kuinua kichwa: maumivu, moja hadi kumi? Mkewe hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwenye kazi yake sentimita moja ilikuwa sentimita moja, na kwenye maneno hivyo hivyo. Akasema, "Si maumivu." Wakaandika sifuri. Wakamrudisha nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu ambayo kadi yao wenyewe ilisema hana. Siku ya nne alirudi amelala, akapanda na lifti hii hii mpaka ghorofa ya nne, ikiwa nzima, ikisema nipo niache, na aliposhuka nayo alikuwa amefunikwa shuka mpaka kichwani. Kwenye cheti, mahali pa chanzo, waliandika: hakijulikani. Fundi alipokwenda kuuliza, akaonyeshwa ile sifuri. Mgonjwa mwenyewe alisema, wakamwambia. Tungefanyaje sisi, na mgonjwa mwenyewe alisema?

"Sina namba," akamwambia mkaguzi. "Nenda nayo hivyo hivyo."

Siku iliyofuata akaitwa ofisini.

Mkurugenzi, wafanyakazi walimwita Bwana Thibitisha, pale tu asipoweza kuwasikia. Ukimwambia mvua inanyesha, anakuomba uthibitishe. Ukimwambia mkewe amepiga simu, thibitisha. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikuwa mtulivu, meza safi, kalamu tatu zimelala sambamba kama wagonjwa wodini. Mkaguzi alikaa pembeni na daftari.

"Karibu, fundi. Chai?"

"Sitaki chai, mkuu. Nataka lifti izimwe."

"Tutafika huko. Unasema beringi inakufa. Unajua, au unadhani?"

"Najua."

"Unajuaje?"

"Nimeisikia."

"Mkaguzi naye ameisikiliza. Kasikia mashine." Akatoa karatasi kwenye jalada. "Na hapa nina cheti. Lifti ilikaguliwa mwezi wa pili, ikaonekana salama."

"Ilionekana na nani? Yule bwana hakupanda paani. Alisema ngazi ina maji. Alikunywa chai hapo hapo ulipokaa wewe."

"Unaweza kuthibitisha?"

"Nilimletea kikombe."

Mkaguzi akainamia daftari lake. Mkurugenzi akaisogeza kalamu ya kati kidogo, ikawa sawa na wenzake. "Hata gurudumu likikatika, kuna breki za dharura."

"Zimejaribiwa lini?"

"Imeandikwa zilijaribiwa."

"Mkuu, wa kuzijaribu ni mimi. Niliomba siku ya kuzijaribu. Nikajibiwa hakuna siku."

"Sikiliza, fundi." Mkurugenzi akajiegemeza, akaunganisha vidole, na fundi akajua sasa anakuja mhadhara. "Uhakika kamili haupo. Hata mimi siwezi kuthibitisha kwamba dari hii haitatuangukia sasa hivi. Tukizima kila kitu tusichokuwa na hakika nacho, tutafunga hospitali. Kwa hiyo tunakwenda na kinachoweza kusemwa. Unanielewa? Kisichoweza kusemwa hatuwezi kukifanyia kazi."

Fundi akatazama dari. "Dari hii sijaisikiliza," akasema. "Lifti nimeisikiliza."

Na alitamani kusema mengi zaidi. Alitamani kusema kwamba wao ndio waliochagua yapi yanaweza kusemwa, wakayachorea visanduku, halafu wanashangaa watu wanakuja na vitu visivyoingia. Alitamani kusema mtu ambaye hana hakika na dari yake asingekaa ametulia vile. Lakini kila alipolikamata neno, lilikuwa dogo kuliko alichotaka kulibebesha, na huku yule bwana anangoja na uso wa upole, kana kwamba anamsubiri mtoto afunge kamba za viatu.

"Tusibishane," mkurugenzi akasema. "Nimeandika sentensi tatu. Chagua moja, utie sahihi, kila mtu arudi kazini. Ya kwanza: lifti ni salama. Ya pili: lifti si salama, na ushahidi umeambatanishwa. Ya tatu: fundi hajui. Hiyo ya tatu haimdhuru mtu."

Karatasi ikasukumwa mbele yake. Fundi akachomoa kalamu yake mfukoni. Ya kwanza hakuweza, ya pili hakuwa na cha kuambatanisha zaidi ya fuvu lake mwenyewe. Ya tatu ilikuwa imekaa pale, fupi, haina madhara. Alikuwa amechoka. Na pengine, akajiambia, pengine kweli hajui. Mzee wa miaka sitini, na mifupa nayo inazeeka. Ncha ya kalamu ikagusa karatasi.

"Au basi," mkurugenzi akaongeza, sasa naye amechoka, "hicho kitu unachokisikia ni nini hasa? Kitaje tu jina lake tumalize."

"Ningejua jina lake ningekuambia."

Maneno yalitoka kabla hajayafikiria, na akayasikia yakiwa yameshatoka. Hayakuwa yake. Aliyasikia na maji yakidondoka kwenye beseni, na redio mbovu ikikoroma mikononi mwake, na kicheko chake yeye mwenyewe. Mkaguzi aliinua uso akamwona mzee amekodoa macho, akadhani ameugua.

Fundi akailaza kalamu, mshazari, juu ya zile tatu zilizonyooka. Akasimama.

"Fundi, hatujamaliza."

"Mimi nimemaliza, mkuu."

Alishuka mpaka ghorofa ya chini. Akasubiri lifti ifike, muuguzi akatoka na kitoroli chake cha dawa, fundi akachungulia ndani, akaangalia kila kona kama mtu anayetafuta funguo, hakuna mtu. Akauzuia mlango wake usijifunge, kwa kabari ya mbao. Halafu akapanda ngazi kwa miguu, ghorofa zote saba, akipumzika kila kona, akafika paani, akashusha swichi kuu, akachomoa fyuzi tatu, akazitia mfukoni.

Hospitali ikawaka moto. Si moto wa kweli, ingawa wa kweli ungeleta utulivu zaidi. Mgonjwa wa upasuaji alikuwa ghorofa ya chini na chumba cha upasuaji kiko ya tatu. Chakula cha wodi kikakwama kwenye masufuria. Mlinzi akatumwa paani kuzidai fyuzi.

"Ziko wapi, mzee?"

"Ziko mfukoni. Mfuko uko kwenye suruali. Suruali nimeivaa."

Mlinzi alilitafakari jambo hilo, akaona haliko kwenye mkataba wake, akashuka. Na stoo hakukuwa na fyuzi nyingine za aina ile. Hilo fundi alikwisha kuliandikia barua, ya tatu.

Hapo wakabaki wabeba machela. Kiongozi wao, jitu moja liitwalo Mabega, alikutana na fundi kwenye ngazi, jasho linamchuruzika.

"Sikio!" akafoka, kwa jina la utani walilompa fundi. "Umetuua! Nini hiki?"

"Beringi."

"Imekatika?"

"Bado."

"Bado!" Mabega akawageukia wenzake. "Jamani, tunavunjwa migongo na kitu ambacho bado!"

Fundi alijipenyeza kwenye pembe ya machela, akashika mpini. Alibeba mchana huo mpaka jioni, na kesho yake tangu asubuhi. Magoti yake yalilalamika kwa lugha ambayo kila mtu angeielewa. Mgonjwa wa sita alikuwa mwenye duka wa kilo mia na ushee, aliyekuwa akiomba radhi kila ngazi.

"Na huyu je," Mabega akahema, "huyu naye ulimwekea bisibisi?"

Wenzake wakacheka mpaka machela ikayumba. Mwenye duka akaomba radhi tena.

Usiku uliotangulia fundi hakuwa amelala vizuri, kwa sababu shaka ilimjia ikakaa kitandani upande ulio wazi. Je, kama hakuna kitu? Kama alikisikia kwa kuwa alikuwa anakingoja? Mtu aliyepuuza mara moja anaweza kusikia mambo hata kwenye pasi ya umeme. Alijibishana na nafsi yake kuliko alivyojibishana na mkurugenzi, na nafsi ilikuwa na hoja bora.

Mafundi wa kampuni walifika Jumatano saa nane, wawili, wamevaa sare, mmoja mtu mzima mmoja kijana. Fundi alishangaa wamekuja upesi hivyo. Mkaguzi alimfuata kwenye kona ya ngazi, akasema kwa sauti ya chini, "Niliituma fomu yako kwao jana. Wanasema namba ikifika nane na kuendelea wanalazimika kuja kufungua."

"Mimi sikuandika namba."

"Niliandika mimi. Nilizungushia tisa."

"Kwa nini tisa?"

"Sijui, mzee. Niliona kumi wangesema natia chumvi." Akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Nilikutazama uso pale ofisini. Si sababu ya mtu mzima, najua. Usiniulize."

Hakumuuliza.

Wale mafundi walifungua, wakanyanyua gurudumu kwa mnyororo, wakaitoa beringi, wakatia mpya, wakazijaribu na breki za dharura kwa kuwa fundi alisimama mlangoni na kukataa kuwatolea fyuzi mpaka wazijaribu. Breki moja ilishika. Ya upande wa pili iliteleza kabla ya kushika, wakairekebisha. Alfajiri ya Alhamisi lifti ilikuwa inapanda. Taarifa yao ilikuwa ya mstari mmoja: uchakavu wa kawaida kulingana na umri.

"Kawaida?" fundi akamuuliza yule mtu mzima, aliyekuwa anakusanya spana. "Ingedumu muda gani?"

"Aa, kaka, mwezi, mwaka, wiki. Nani ajuaye?"

"Wewe ungeiacha?"

Yule bwana akaitazama beringi kuukuu kwenye kiganja chake, akaizungusha mara moja. "Na wanangu wanapanda? Nisingeiacha."

"Liandike basi hilo."

"Niliandike wapi? Halina mahali."

Saa nne wageni wakaja, wakapanda ghorofa ya tano wote kwa pamoja na shada la maua, na mkurugenzi akawaeleza kwamba lifti imetoka tu kufanyiwa matengenezo ya kinga, kwa mujibu wa mpango. Alasiri fundi akapewa barua ya onyo. Kosa lake lilitajwa kwa lugha nzuri sana: kudai kujua jambo asiloweza kulithibitisha, na kusababisha usumbufu.

Aliisoma mara mbili kwenye chumba cha mashine, akiwa amekaa kwenye ndoo yake, midomo ikifuatisha maneno. Kwa hiyo ingeanguka ndiyo angekuwa alijua. Watu wangetolewa mle na mashuka, na hao hao wangekaa na kalamu zao sambamba wakisema fundi alijua, mbona hakusema vizuri? Ili uaminiwe lazima kwanza mtu afe. Na hata hivyo! Mkewe alithibitisha. Alithibitisha kwa siku nne, akaambatanisha ushahidi wote aliokuwa nao, na bado waliandika hakijulikani. Alitaka kuitupa ile barua, kisha akaona ni karatasi nzuri, inanyonya. Akaifutia grisi beringi kuukuu, upande wa sahihi kwanza.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mkaguzi, ameshika barua ya kwake.

"Na wewe?" fundi akauliza.

"Kwa kuzungushia namba isiyo na msingi."

"Pole. Kaa." Akamwachia ndoo. Akampa beringi. "Fumba macho. Shika ya ndani, zungusha ya nje. Polepole."

Mkaguzi akafumba macho. Chuma kikazunguka mikononi mwake, kikateleza vizuri, kikateleza, kikateleza. Halafu vidole vyake vikasimama. Akarudisha nyuma kidogo. Akapeleka mbele. Kunyanzi dogo likajitokeza katikati ya nyusi zake.

"Hapa," akasema. "Hapa kuna..."

Fundi akangoja. Alikuwa na mguu, alikuwa na mate, alikuwa na uzi uliovutika, vyote viko tayari kinywani. Akavibana na meno.

"Mzee, kuna kitu. Sijui nikiiteje."

Swali likamjia lenyewe, limevaa sauti ya mtu mwenye redio mapajani: kitu gani? Sema basi, kitu gani? Lilifika mpaka kwenye ulimi. Chini, mtu alibonyeza kitufe, na kamba zikaanza kupita mbele yao, na mashine ikasema nipo, niache.

"Basi usikiite," akasema. "Zungusha tena."